Gari Litalala Wapi?

Jumamosi, mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa vumbi jekundu unaoingia hata kwenye kabati lililofungwa, na baridi ilikuwa ya kukaa na sweta mpaka saa nne. Mchana jua lilitoka, lakini lilikuwa jua la kuangalia tu.

Mwanangu, kabla sijaandika ya leo acha niandike ya zamani, maana ya leo hayataeleweka bila hayo. Mimi si mtu wa kalamu. Niliishia darasa la saba, na hata hilo nilimaliza kwa kusukumwa. Kwa hiyo ukiona nimerudia jambo, au nimelisema kinyumenyume, nivumilie.

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nikifumba macho naiona yote. Nimesimama zizini mbele ya baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Yeye amechuchumaa anakamua, nami namweleza habari ya pikapu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anahama mji na pikapu yake ilikuwa imekufa, haina giaboksi, imesimama juu ya matofali. Alikuwa tayari kuniachia kwa bei ya kutupa. Nilikuwa nimeshaiona moyoni ikitembea. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka. Kisha akauliza, "Litalala wapi?"

"Nje, baba. Gari si ng'ombe."

Akasimamisha mikono. "Ng'ombe wangu ananipa maziwa, na analala ndani ya ukuta. Hilo lako halijakupa hata tone, unataka lilale nje. Atalilinda nani, fisi?"

Binamu zangu waliokuwa wanashika ndama wakaangua kicheko. Nikajitetea kwamba gari ni bovu, haliwezi kwenda popote, nani ataliiba?

"Sikukuuliza nani ataliiba. Nimekuuliza litalala wapi. Kitu ambacho hujui kitalala wapi hujakinunua bado, unakitembelea tu. Nenda kajenge banda kwenye kile kiwanja nilichokupa. Ukimaliza, njoo tuzungumze habari ya gari."

Kiwanja chenyewe kilikuwa hapa Miyuji, Dodoma, ninapoandikia. Wakati ule palikuwa mashamba ya uwele na vichaka. Nilikata nguzo za mgunga, nikapiga udongo, nikatafuta mabati ya kuunga. Nilijenga kwa hasira, nakiri, na banda la hasira huwa imara. Siku nilipogongelea bati la mwisho nikaenda mbio kwa yule mfanyabiashara, nikakuta matofali tu. Rafiki yangu Elia alikuwa ameshainunua.

Sasa hapa lazima niseme kwa haki, maana wazee wengi wakifika hapa husema, "Na yule aliyenunua akafilisika." Hapana. Elia hakufilisika. Alihangaika nayo, akatafuta giaboksi mpaka akaipata, na pikapu ikatembea. Ilibeba vitunguu, ikabeba maharusi, ikabeba hata mimi siku nilipokwenda kujitambulisha ukweni. Mpaka leo tukikutana baada ya ibada ananiuliza, "Yona, banda lako halijambo?" Nami nacheka, lakini si kicheko cha ndani kabisa.

Lakini pia, banda hilohilo nililiwekea cherehani. Nikaanza kushona viti vya magari, kwanza kimoja kimoja, baadaye hata vya mabasi, na watoto wangu wamesoma kwa banda lile. Kwa hiyo baba mkubwa alikosea au hakukosea? Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na sijapata jibu la kumridhisha kila mtu. Nimeliacha hivyo.

Haya, ya leo sasa.

Nina mpwa wangu, Tito, mtoto wa dada yangu mdogo. Anafanya kazi wizarani kule Mtumba, kitengo cha kompyuta. Mchumba wake ni Grace, karani katika ofisi ya jirani. Mahari imekwishatolewa, na wanajenga Msalato. Nyumba imefika kwenye lenta, bado kuezeka. Walikuwa wamepanga waezeke kabla ya mvua, wafunge ndoa, wahamie.

Mwezi uliopita Tito alikuja hapa bandani amevaa tai, macho yanang'aa kama ya mtu mwenye homa.

"Shikamoo mjomba. Naomba uje uone gari."

"Marahaba. La nani?"

"Langu. Yaani, karibu litakuwa langu."

Nikaona usoni mwake uso wangu mwenyewe wa zizini. Nikavaa viatu.

Gari lilikuwa mjini, katika ua wa Bi Mwajuma. Huyu ni mjane wa watu, mtoto wa familia ya zamani ya wafanyabiashara hapa Dodoma, na nyumba yao ina ua mkubwa nyuma kama zilivyo nyumba zile za zamani. Alivuta turubai, nami, mwanangu, sitakudanganya, nilivua kofia. Gari la Kimarekani, milango miwili tu, boneti ndefu kama kitanda cha watu wanne. Injini ya silinda nane. Si haya ya viongozi yanayopita barabara ya Mtumba na vioo vyeusi, la. Hili lilikuwa chini, pana, limekaa kama chui aliyelala. Rangi yake zamani ilikuwa nyekundu, sasa ilikuwa ya boga lililoiva. Nikagonga bodi kwa kidole kuanzia mbele hadi nyuma. Bati tupu, halijaliwa popote. Angekuwa nalo mtu wa pwani lingekuwa limeshageuka chai kwa kutu. Ukavu wetu huu tunaoulalamikia ndio uliolitunza.

"Umeona mjomba? Orijino," Tito akanong'ona. "Hii ni projekti."

"Projekti yako ya kwanza haina bati juu," alisema Grace, aliyekuwa amesimama pembeni ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Nikazunguka. Usukani uko kushoto. Nikamwuliza Tito akitaka kulipita lori njiani atafanyaje. Grace akamjibia, "Atamwuliza abiria. Na abiria ndiye mimi, na mimi nitasema hapana kila mara."

Bi Mwajuma alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Nikafungua mlango nione viti, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Vya mbele vilikuwa vimepasuka lakini spiringi zipo. Nikapeleka mkono nyuma, nikadonolewa.

"Taratibu, Mzee Yona!" Bi Mwajuma akaita. "Hapo pana mwenyewe."

Kuku. Mtetea mkubwa wa madoadoa, ameatamia katikati ya siti ya nyuma, kwenye sifongo iliyobonyea vizuri kama kiota kilichochongwa. Alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama dalali.

Tukakaribishwa kahawa, tukaelezwa hali ilivyo. Mume wa Bi Mwajuma alilipata gari hilo kwa mhandisi mgeni aliyemaliza kazi zake akaondoka. Alilitoa siku za Idi na harusi. Siku Bi Mwajuma alipopata uchungu wa mtoto wa kwanza, ndilo lililompeleka hospitali, na anasema mji mzima ulijua anajifungua kwa ule mngurumo. Mzee alipofariki likafunikwa. Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye Hamisi, na sasa Hamisi anataka ua uwe wazi ili ajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi. Hamisi si mtu mbaya, niliongea naye. Anataka mama yake awe na kitu cha kumwingizia kila mwezi. Alikuwa ameshazungumza na mtu wa chuma chakavu mwenye lori. Gari lisipopata mnunuzi, litakatwa vipande palepale uani.

Tito aliposikia "litakatwa" aliweka kikombe chini. "Mama, mimi nalichukua. Hata leo."

Nikajua pesa atakayotoa ni pesa ya mabati ya Msalato. Grace alijua pia. Aliinamisha kichwa akakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Leo haiwezekani," Bi Mwajuma akajibu. "Kuku anaatamia. Gari halitoki hapa, si kwako wala kwa mtu wa lori, mpaka atotoe. Mimi kuku simvunjii nyumba."

Hamisi akainua mikono juu. "Mama, tunasubiri kuku?"

"Wewe nilikusubiri miezi tisa."

Basi ikawa kusubiri kuku. Mwanangu, nimeshakuwa na maoni mabaya juu ya kuku maishani mwangu, lakini huyu nampa heshima yake.

Tito akawa anakwenda pale kila akipata nafasi. Alianza kwa kuosha. Halafu akafungua boneti, akakuta panya wamekula nyaya, na kabureta imekauka kama kisima cha Oktoba. Akafungua hiki, akafungua kile, akaanza kujua kuna spea zitakazotoka mbali sana na nyingine huenda zisitoke popote, zitabidi zichongwe. Nilitegemea atapoa. Hakupoa. Alikuwa anarudi amejaa grisi hadi masikioni, anaimba.

Hapo nikaona nimwambie habari ya baba mkubwa. Lakini nikasita. Nilijiuliza kama ni akili inayotaka kusema, au ni yule kijana aliyekosa pikapu anataka na mwenzake akose. Nililala na swali hilo. Asubuhi nikaamua nitamwambia yote, pamoja na ya Elia na vitunguu vyake, ili apime mwenyewe.

Nilimweleza akiwa amekaa hapohapo bandani, Grace akiwepo. Nilipomaliza nikamwuliza, "Sasa, Tito. Litalala wapi?"

Msalato hakuna ukuta, hakuna geti, kuna lenta tu na upepo. Chumba anachopanga mjini kina ua wa kuanikia nguo.

"Nitapata mahali, mjomba."

"Mahali gani?"

Nikamwonea huruma. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mjomba, silitaki ili nionekane nalo. Najua watu watadhani hivyo. Nataka siku moja nilisikie likinguruma, mama yule alisikie. Likikatwa, halitasikika tena na mtu yeyote."

Hapo mimi nikashika sindano nikajifanya nashona. Niliona kwamba mimi pikapu yangu niliitaka kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Niliitaka kwa rangi.

Grace akaingilia. "Mimi nimechoka kuwa mtu mbaya katika habari hii. Hata mimi lile gari nalipenda. Lakini sitaolewa chini ya turubai. Ninachouliza, kwani ni lazima liwe letu leo? Haliwezi kuwa hai tu, bila kuwa letu?"

Mwanangu, akili yangu si nyepesi, lakini neno lile lilinigonga. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Wengine huwalaza kwa ndugu au rafiki. Anayewapokea hunywa maziwa, huchukua samadi, huwatunza kama wake. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe, na siku mambo yakibadilika watu hukaa chini wakazungumza. Baba mkubwa alikuwa na ng'ombe wa watu zizini, na watu walikuwa na wake. Sikuwahi kusikia mtu amelaza gari kwa namna hiyo. Niliogopa kuchekwa.

Tukaenda watatu kwa Bi Mwajuma. Hamisi alikuwepo, na mtu wa lori pia alikuwepo, amekuja kuangalia mzigo. Kijana mpole, kofia ya sufi, ananywa maji kwa adabu. Nikalisema jambo langu kwa kigugumizi.

Hamisi akakunja uso. "Mzee, gari linalazwa kama ng'ombe?"

Mama yake akamgeukia. "Babu yangu alikuwa na duka la chumvi na nguo hapahapa mjini. Ng'ombe wake wote walilala kwa Wagogo upande wa Hombolo. Hakujenga zizi maisha yake yote, na maziwa aliletewa akanywa. Unadhani mama aliyekunyonyesha wewe afya aliipata wapi?" Kisha kwangu, "Litalala wapi, Mzee Yona?"

Unaona, mwanangu? Swali lilelile. Miaka yote hii, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu.

"Ninalo banda," nikasema. "Nililijenga kwa ajili ya gari."

Tukaelewana mbele ya watu wote. Gari linabaki la Bi Mwajuma. Tito analitunza, anafungua anachotaka, ila hakiuzwi wala hakikatwi kitu. Nyumba ya Msalato ikishaezekwa, wao wawili wakiwa bado wanalitaka, tutakaa tuzungumze bei. Wakiwa hawalitaki, Bi Mwajuma ataamua mwenyewe, na hakuna wa kumnunia mwenzake.

"Ukiyanywa maziwa yake uniletee na mimi," Bi Mwajuma akaniambia.

"Maziwa ya hili ni petroli, Bibi. Litayanywa lenyewe."

Mtu wa lori nilimwonea haya, maana amepoteza mzigo. Lakini Hamisi alimpa vitanda vya chuma na mashine ya kusaga iliyokufa, na yeye mwenyewe akajitolea kulivuta gari siku ikifika. Alisema ameshakata magari mengi, hajawahi kupeleka moja nyumbani.

Vifaranga walitotolewa katikati ya juma, na leo tumelivuta. Mtetea alikataa kushuka. Tulijaribu mchele, tukajaribu fagio. Bi Mwajuma akasema, "Mwacheni, huyo ni wa gari, si wangu." Kwa hiyo amevuka mji mzima, na vifaranga wake, kwenye siti ya nyuma, Tito akiwa kwenye usukani upande usio wake, Grace kando yake akipiga kelele "Kata kulia! Kulia!" Watu wa Miyuji walitoka majumbani. Elia naye alikuwepo, sijui nani alimwambia. Alishika tumbo akacheka, kisha akaja kusukuma kwa bega kama wengine.

Gari limeingia, lakini si lote. Banda nililipima kwa pikapu, na Mmarekani huyu ni mrefu. Pua imebaki nje. Cherehani nimeihamishia barazani. Tito ameifunika pua kwa turubai, ameifunga kwa kamba, amekagua mafundo, akakagua tena. Walipoondoka nikasimama peke yangu pale mlangoni. Nguzo zangu za mgunga, mabati yangu ya kuunga, na ndani yake, mwishowe, gari. Nikasema kwa sauti, na kama kuna aliyenisikia na anione mwehu, "Baba mkubwa, limelala."

Sasa mwanangu, nikuachie hili. Sikuambii usinunue kitu kibovu kwa sababu unakipenda. Elia alinunua akafurahi, na mimi sikununua nikapata riziki, kwa hiyo mimi si shahidi wa upande wowote. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kuuliza litakimbiaje, uliza litalala wapi. Nenda ukalioshe kwanza likiwa bado la mwenzako. Ukishajaa grisi ya kitu na bado unaimba, utajua. Msikilize yule atakayepanda nawe, hasa anaponyamaza akakoroga kahawa isiyo na sukari. Wala usidhani kila unachokipenda lazima kiwe chako leo. Vingine vinahitaji uvitunze tu visikatwe, mpaka nyumba yako ipate paa. Na ukiweza kujenga banda, jenga, hata kama kitakachoingia hukijui bado.

Mungu akupe cha kupenda na mahali pa kukilaza. Akupe watu wa kusukuma nawe kwa bega, na wa kukucheka bila kukuacha. Na siku kitakaponguruma, awepo aliyekisubiri.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa mgando aliyotuletea Elia. Kuku yupo bandani, mnene na mwenye afya, lakini hakuna mtu humu ndani aliyethubutu kumtazama kwa jicho la kitoweo.